Tajiri wa Mashati na Binti Zangu Wawili

Binti zangu wawili walikuwa wakimshonea mashati tajiri mmoja, ila mpaka wa nchi uliwatenganisha. Kifungua mimba yuko kwangu hapa na wanawe. Kitinda mimba aliolewa ng'ambo, akapata kazi kwenye kiwanda cha pili cha tajiri huyohuyo. Nami nikajiona nimebarikiwa.

Mwaka huu tajiri akatangaza kwamba atabaki na kiwanda kimoja, kwenye nchi itakayomtoza kodi ndogo. Serikali yetu ikampunguzia. Ya jirani ikapunguza zaidi. Yetu ikapunguza tena, huku ikipandisha kodi ya sabuni na unga, maana pengo lazima lizibwe na mtu, na mtu huyo ni sisi tusio na pa kuhamia. Nilikasirika hadi chai ikanipalia. Serikali mbili nzima, na akili zao timamu, zinamgombania mtu kama wake wenza!

Kabla ya bunge kupiga kura, wasimamizi wakawatoa wafanyakazi barabarani wakaimbe tajiri apunguziwe. Walipewa mashati mapya ya kuvaa, kutoka ghala la tajiri linalopokea ya viwanda vyote viwili. Binti yangu aliporudi alilivua lake, akaligeuza ndani nje, akalisogeza dirishani.

"Mama, hebu tazama hapa kwapani."

Mshono ulikuwa umerudiwa mara mbili, kisha uzi ukafungwa kifundo kwa mkono. Kiwandani hakuna anayefunga kifundo. Ni kupoteza muda. Mimi ndiye niliyewafundisha hivyo kwenye cherehani yangu, na kitinda mimba hajaacha, kila siku anakaripiwa.

"Huyu ni mdogo wako," nikasema.

"Kanishonea nguo ya kwenda kumnyang'anya tonge lake."

Hatukula vizuri siku ile.

Wiki iliyofuata, nchi ya jirani ikamfutia tajiri kodi yote. Kiwanda chetu kikafungwa. Kitinda mimba akanipigia simu, nikaiweka kwenye spika, analia kwa kwikwi.

"Dada, nisamehe. Huku wametugawia soda tusherehekee. Yangu imenishinda kunywa."

Mimi nilikuwa nalia pia, sina msaada. Dada mtu akaishika simu, sauti yake imetulia.

"Nyamaza, mdogo wangu. Hukunifukuza wewe. Fanya kazi, lea wanao. Ila ile nyumba mnayoipanga wewe na mumeo, msianze kujenga kwanza."

"Kwa nini, dada?"

"Nanyi mna jirani mwingine upande wa pili."