Vitunguu vya Novemba

Mamotlatsi alimwaga mfuko wake wa mbegu mkekani, kisha akajifanya macho hayaoni vizuri. Uongo mtupu. Macho yake yalimtambua kondoo wa jirani ng'ambo ya bonde. Kilichoharibika ni nyonga, tangu alipoteleza mwaka jana.

"Chagua wewe, Makeketso," alimwambia mke wa marehemu mwanawe. "Februari ndiyo hiyo inaisha. Mwezi wa nne sakitu, hii barafu ya alfajiri, ikianza kuunguza majani huku mlimani, tusije tukalaumiana."

Jumamosi Makeketso angevuliwa nguo nyeusi za msiba, na akishavuliwa yuko huru: abaki, au arudi kwao mabondeni. Mtoto hawakujaliwa. Mwezi mzima Mamotlatsi hakuwa amelala vizuri kwa ajili ya hilo tu, lakini mama mkwe haulizi jambo kama hilo. Akiuliza, ataonekana anamfukuza, au anamfunga kamba. Basi akaona heri aziulize mbegu. Anayeondoka atachagua figili na saladi, mboga za mwezi mmoja, ale na kwaheri. Anayebaki atachagua za kungojewa.

Makeketso alipiga magoti akaanza kutenga. Figili akaisukuma kando. Saladi nayo akaisukuma.

"Figili imekukosea nini?"

"Figili ni maji, mama. Unatafuna, tumbo linauliza nani kapita."

Mamotlatsi alicheka kuliko mzaha wenyewe ulivyostahili. Makeketso akatwaa spinachi, akatwaa tanipu. Kisha mkono wake ukaenda kwenye vitunguu.

"Hivyo ni vya kuvunwa Novemba," Mamotlatsi alisema, kama mtu anayezungumzia mawingu.

"Najua, mama."

Furaha ilimpanda bikizee hadi akasahau fimbo yake mlangoni. Novemba! Majira yote ya baridi wakiwa wawili kwenye moto mmoja. Siku hiyo angeweza kuwasamehe hata wifi zake, na wale si watu wa kusamehewa ovyo.

Kitalu chao kilikuwa cha mviringo, kimezungushiwa mawe yaliyofika kiunoni, na upande mmoja kuna mwanya wa kuingilia. Makeketso alichora mistari kwa kidole, akamwaga mbegu, akafukia. Mamotlatsi aliegemea mawe, akatazama, akaona jambo.

"Mbona umezibana zote hapa mwanyani? Kule nyuma wamekaa wafalme?"

"Ili usizunguke na nyonga hiyo. Spinachi utakata majani, itachipua tena. Tanipu utaanza na majani, umalizie mzizi. Vitunguu nimevipa nafasi hapohapo, usihangaike kuvihamisha mwezi wa tano." Makeketso hakuinua uso. "Sikutaka uanze kupanda upya ukiwa peke yako, mama."

Iliuma. Hasira ndiyo iliyotangulia, na neno kali likamfika Mamotlatsi ulimini, lile la kumwambia mtu kwamba hata mbwa huaga. Alilimeza. Huyu binti ndiye aliyekuwa akiaga, kwa mikono yake, tangu asubuhi. Yeye mwenyewe ndiye aliyejidanganya kwa mbegu. Miaka ishirini na sita tu, na mume yuko udongoni. Angemweka hapa kwa sababu gani, amkamulie ng'ombe?

Lisilo budi hutendwa. Akaacha kuegemea mawe.

"Kwenu sakitu huanguka lini?"

Makeketso aligeuka, macho yamemlowa. "Mwezi wa tano, mwishoni."

"Basi mna wiki sita kutuzidi. Karoti na bitiruti huku zimeshachelewa, kwenu bado zinawahi. Hebu kaulete ule mfuko."

Ulipoletwa, Mamotlatsi alimwamuru akinge pindo la nguo yake nyeusi. Akammiminia karoti na bitiruti zote, asijibakizie hata za kupanda mwakani.