Hapana Iliyosikika Jikoni

Shangazi yangu alikuwa karani wa bunge kwa miaka ishirini na sita, na katika miaka yote hiyo, isipokuwa mara moja tu, hakuna aliyewahi kumwita ofisini kumuuliza kwa nini hesabu yake haikukaa sawa. Alikaa kwenye meza iliyo chini ya kiti cha Spika. Siku ya kura nzito alisoma majina ya wabunge mmoja mmoja, akasikiliza jibu, akatia alama: Ndiyo kushoto, Hapana kulia. Basi. Kazi ya kuchosha kuitazama, lakini yeye aliipenda kama watu wanavyowapenda vitinda mimba wao.

Siku ninayoisimulia ilikuwa ya Muswada wa Visima. Serikali ilitaka kila kisima, hata cha nyuma ya nyumba, kikatiwe leseni, na kisicho na leseni kifukiwe. Mijini watu hawakushtuka sana. Vijijini, ambako maji ya bomba ni kitu cha kusikia kwa wenzao, walikuja juu. Chama tawala kiliuzidi upinzani kwa wabunge wachache tu, kwa hiyo mnadhimu wake, yule anayehakikisha wenzake wanapiga kura kama chama kinavyotaka, alikuwa ameshinda wiki nzima kwenye korido akibana watu. Huyu aliahidiwa uenyekiti wa kamati. Yule alikumbushwa, kwa tabasamu, kwamba majina ya wagombea wa uchaguzi ujao yatapitia kwa nani.

Mimi nilikuwa nyumbani na Bibi, mama yake Shangazi. Macho ya Bibi yalikuwa yameanza kumtupa mkono, lakini masikio, usiseme. Alisikiliza bunge kwenye redio ya jikoni huku akichambua mchele, na wabunge aliwajua kwa sauti kama wengine wanavyowajua wachezaji wa mpira. "Huyu ana mafua," husema. "Huyu hotuba kaandikiwa, hata kuisoma kwanza hakuisoma."

Majina yakaitwa yote. Ndiyo, themanini na nane. Hapana, themanini na saba. Upande mmoja ukagonga meza, mwingine ukazomea, na Spika akaahirisha kikao kwa nusu saa. Wakirudi, angetia saini matokeo, na matokeo yakishatiwa saini hayaguswi tena.

Bibi akasukuma ungo pembeni. "Wamekosea."

"Kina nani?"

"Mwanangu amekosea. Mwalimu amesema hapana."

Mwalimu alikuwa mbunge wa chama tawala, mzee mpole aliyefundisha hesabu kabla ya kuingia siasa. Kwa miaka tisa bungeni hakuwahi kukikatalia chama chake kitu, hata siku moja.

"Bibi, kama Mwalimu angesema hapana, serikali si ingeshindwa kwa kura moja?"

"Sasa mimi nakwambia nini? Kasema kama mtu anayeficha kikohozi, lakini kasema. Mpigie shangazi yako."

Nilipiga mara nne ndipo akapokea. Nikamweleza. Naye akasema, "Mwambie Mama nimesikia," na simu ikakatika.

Yaliyofuata alitusimulia mwenyewe. Alilitazama lile jina kwenye karatasi, akakumbuka. Mbunge aliyeitwa kabla ya Mwalimu alijibu kwa mbwembwe, ukumbi ukalipuka, na katikati ya zogo hilo yeye aliona midomo ya Mwalimu ikicheza tu. Mkono ukaweka alama pale ulipozoea kuiweka. Hakusikia. Alidhani.

Akaenda chumba cha kurekodia, akamwomba fundi mitambo amrudishie kipande hicho. Wakakisikiliza mara tatu. Mara zote tatu, kupitia kipaza sauti chake, Mwalimu alisema hapana.

Alipofungua mlango kutoka, mnadhimu alikuwa amesimama nje. Bungeni habari hazina mlango.

"Dada yangu," mnadhimu alianza, sauti laini kama ya mtu anayebembeleza mtoto, "matokeo yameshatangazwa. Mwalimu mwenyewe hajalalamika. Wewe unawashwa na nini?"

"Nimekosea kuandika."

"Umebakiza muda gani kustaafu?"

"Miezi kumi na mmoja."

"Faili lako safi?"

"Safi."

"Basi," mnadhimu akasema, akampisha kama mtu aliyemaliza mazungumzo.

Shangazi anasema alifikiria kurudi mezani kwake akakae. Badala yake akaenda kumtafuta Mwalimu, akamkuta kwenye chumba cha chai cha wabunge, peke yake, kikombe kimepoa mbele yake.

"Mheshimiwa, samahani. Ulijibu nini?"

Mwalimu hakuinua uso. "Nikwambie kweli? Matokeo yaliposomwa nilishusha pumzi. Nikasema, nimefanya langu, na hakuna aliyejua. Nitalala salama huku na huku, kwa dhamiri na kwa chama."

"Aliyejua yupo."

"Nani?"

"Mama yangu. Yuko jikoni kwake anachambua mchele."

Mwalimu akamtazama, kisha akaanza kucheka, kicheko cha tumboni mpaka akafuta macho. "Kama jikoni kwenu wamesikia, basi na kule kwangu visimani wamesikia." Akasimama, akavuta koti likae sawa. "Wanafunzi wangu niliwapa sifuri kwa kunakili majibu ya wenzao. Mimi nimenakili ya mnadhimu miaka tisa. Twende."

Zilibaki dakika nane. Shangazi aliweka karatasi juu ya meza ya Spika. "Mheshimiwa Spika, kura moja nimeiandika siko. Kosa ni langu, si la mitambo."

Spika naye alikuwa mtu wa chama tawala. Aliisoma karatasi, akavua miwani. "Unajua nikitoka na maneno haya patachimbika?"

"Najua."

"Na wewe, Mwalimu?"

"Nilisema hapana. Ukitaka nitairudia, safari hii kwa sauti."

Spika aliagiza aletewe ile rekodi, akaisikiliza mwenyewe. "Ningefurahi sana kama leo ungenyamaza," alimwambia Shangazi. "Lakini umeshasema, na mimi nimeshasikia."

Jikoni, Bibi aliniamuru niongeze sauti. Spika alisoma polepole: kura moja imesahihishwa, Ndiyo themanini na saba, Hapana themanini na nane, muswada umeanguka. Kelele zilizofuata hata Bibi hakuweza kuzichambua. Aliufunika uso kwa khanga, na nilipomuuliza kama analia akanijibu nimletee maji.

Shangazi alisubiri barua ya kufukuzwa. Mnadhimu alitaka Mwalimu avuliwe uanachama, lakini wabunge sita wa chama hicho hicho walisema chini chini kwamba nao Ndiyo yao ilitoka kwa kubanwa. Chama kikapiga hesabu ya viti vyake, kikaona afadhali kinyamaze. Muswada ulirudi baadaye ukiwa umeviacha visima vya nyumbani, ukapita bila mtu kuitwa jina.

Ijumaa, siku tatu baada ya ile kura, katibu wa bunge alimwita Shangazi ofisini. Alirudi nyumbani saa tisa mchana na bahasha. Tukasimama mlangoni mimi na Bibi. Akaifungua mbele yetu, akaisoma kwa sauti yake ya kuita majina: onyo la maandishi, aya moja, aongeze umakini kazini.

"Hiyo tu?" Bibi akauliza.

"Hiyo tu, Mama."

Akaketi pale pale kizingitini, mkoba ungali begani, akacheka huku machozi yakimtoka. Kisha akauliza kama kuna chochote cha kula, maana tangu Jumanne hakuna kilichokuwa kimepita kooni.