Kisigino cha Trym

Kwetu bondeni mtoto akianguka hainuliwi. Nalisema hili mapema ili mtu asije akadhani tulikuwa vipofu, au hatukumpenda Eldrid. Mtoto akianguka kwenye theluji, watu wazima husimama mikono mifukoni wakingoja ainuke mwenyewe, na akiinuka hupigiwa makofi. Ndivyo nilivyolelewa, ndivyo nilivyomlea binti yangu Ragnhild, na Ragnhild naye akawalea wanawe wawili vivyo hivyo. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe.

Basi Eldrid alipofika miaka mitano akaanza kuanguka ovyo kwenye skii, zile mbao ndefu za kutelezea thelujini, nasi tukampigia makofi msimu mzima. Mume wangu Torleiv, ambaye ndiye aliyekuwa akimfundisha, alijisifu mpaka kanisani kwamba mjukuu wake hana machozi. Theluji ikayeyuka, mtoto bado anaanguka, sasa kwenye sakafu kavu ya jikoni. Hapo ndipo Ragnhild alipompeleka kwa daktari.

Ugonjwa wenyewe una jina refu la kuvunja ulimi, na sina haja nalo. Mtoto huzaliwa na jeni moja mbovu, basi mafuta ambayo mwili ungeyayeyusha yanajikusanya, yanakula ule utando unaofunika mishipa ya fahamu. Miguu hutangulia, yafuata maneno, kisha kumeza. Leo Eldrid ana miaka saba, analishwa kwa mpira uliopita tumboni, na mimi hunitambua kwa sauti. Nikiingia na kusema nimefika, vidole vyake vinacheza. Hayo ndiyo mazungumzo yetu.

Walipompima mdogo wake Trym, wakamkuta nao. Miaka minne, mashavu mekundu, mdomo haufungi tangu asubuhi, na ndani yake kitu kilekile kimelala. Kimelala tu, hakijaamka, na hapo ndipo ilipokuwa tofauti. Daktari wetu alisema zamani angetuambia turudi nyumbani tukampende mtoto wetu, basi. Sasa kuna tiba. Wanachuja seli za mtoto mwenyewe kutoka kwenye damu yake, wanazipeleka maabara wazitie jeni nzima, huku nyuma wanamsafisha uboho kwa dawa kali, halafu wanamrudishia zilizotengenezwa. Wapo watoto waliotibiwa hivyo ambao leo wanakimbia uwanjani shuleni, na ndugu zao wakubwa wako makaburini. Alituambia hivyohivyo, bila kupaka sukari.

Sharti lilikuwa moja. Tiba hii huzuia, hairudishi. Ugonjwa ukishaamka na kushika kasi, hawamwingizi mtoto kwenye tiba, kwa sababu watamtesa bure. Trym alipangiwa kupimwa kwenye hospitali kubwa ng'ambo ya mpaka, Uswidi, Jumatatu baada ya likizo ya majira ya baridi. Watampiga picha ya ubongo, watampima mishipa, na zaidi ya yote watamtazama akitembea.

Jamani, tangu siku ile hatukuwa na maisha. Mtu hajui hofu ni nini mpaka amtazame mtoto akivuka sebule. Ragnhild alikuwa akiosha vyombo huku sikio liko darini, anasikiliza nyayo za mwanawe. Akikosa hatua moja, bomba linafungwa, nyumba nzima inanyamaza. Mimi nilijikuta namwita Trym kwa vijisababu, njoo unishikie uzi, njoo uonje jibini, ili tu nimwone akija. Alikuja mbio, akapata jibini, akaondoka mbio. Mimi nikabaki naogopa kitu ambacho hakikutokea.

Torleiv yeye alinyamaza. Mwanamume huyu nimekaa naye miaka arobaini na ushee, na nimemsema karibu kila siku ya miaka hiyo, maana ana kichwa kigumu kama gogo la mti mkavu. Lakini tangu habari ya Eldrid alikuwa hajibu. Nilikuwa namlaumu kwa matope sebuleni, ananitazama kama mtu anayesubiri nilifikie lile kubwa. Sikulifikia kamwe. Bonde zima lilipiga makofi, si yeye peke yake.

Ijumaa ya mwisho ya likizo, Ragnhild alikuwa na Eldrid, anamnyosha viungo, na mumewe yuko kazini. Nikasikia mlango wa ghala. Torleiv alikuwa amemtoa Trym nje, amemfunga skii, anampandisha kilima kilicho nyuma ya nyumba. Nikatoka na aproni yangu kumuuliza anafanya nini.

Akaniambia anamfanyisha mazoezi. Mtoto anakwenda kutazamwa anavyotembea, basi lazima miguu iwe imara. Mtu haendi mashindanoni bila mazoezi.

Haya, nicheke au nilie? Daktari anatafuta ugonjwa kwenye mishipa, na mzee wangu anamwandalia mjukuu misuli. Nikamwambia hayo si mashindano. Akasema, kwa sauti ya chini kabisa, kwamba safari hii hataki kusimama mikono mifukoni. Ningesema nini hapo? Nikawaacha. Viatu nilivyomvalisha Trym mimi mwenyewe asubuhi ile, kamba nilifunga mimi, vilikuwa vipya na vigumu bado, lakini mtoto alikuwa anacheka, na jua lilikuwa limetoka.

Walirudi saa za chakula cha mchana. Trym alikuwa anachechemea.

Ragnhild alisimama na kijiko mkononi, akamtazama mwanawe akitoka mlangoni mpaka mezani, kisha akamwambia arudi mlangoni aje tena. Mtoto akarudi, akaja tena, akadhani ni mchezo. Akachechemea vilevile. Ragnhild akamgeukia baba yake, na maneno aliyomwambia siyarudii. Alimwambia, kwa kifupi, kwamba mtoto mmoja hakumtosha.

Torleiv akainama, akasema ni viatu. Viatu vipya vimemchubua. Nami nikamchukua Trym bafuni, nikamkalisha, nikamvua soksi, na kweli, lengelenge lilikuwepo, limepasuka, jekundu, kubwa. Nikapaaza sauti kwamba ndiyo, kisigino kimechubuka. Nikasikia huko jikoni kiti kinavutwa na Ragnhild anaangua kilio, kilio kile cha mtu aliyeponea chupuchupu. Nikamsikia anamwomba baba yake msamaha.

Nikafunga kidonda kwa plasta. Trym akashuka kutoka kwenye stuli, akatembea kwenda kwa mama yake, nami nikamtazama kwa nyuma.

Lengelenge lilikuwa mguu wa kulia. Aliokuwa akiuburuta ulikuwa wa kushoto.

Nilikaa kwenye ukingo wa beseni la kuogea, nikajiambia labda anauegemea mmoja kuukwepa mwingine, labda mtoto hachechemei kama mtu mzima, mimi ni nani, mimi si daktari. Nikatoka na uso mkavu. Jikoni walikuwa wanakunywa kahawa. Ragnhild alikuwa anacheka na kujifuta pua, anamtania baba yake kwamba amezeeka vibaya, siku hizi anawachubua watoto wa watu. Torleiv alikuwa anakubali kila kitu. Alikuwa na furaha, nawaambieni. Sijapata kumwona mtu akifurahia kulaumiwa namna ile. Na mimi, ambaye sijawahi kumnyima mtu huyu lawama, nikaomba Mungu kimoyomoyo kwamba mara hii kosa liwe lake kweli. Sikusema neno. Ningewavunjia kile kikombe cha kahawa kwa faida gani, na Jumatatu iko mlangoni?

Baba wa watoto akabaki na Eldrid, sisi wanne tukaondoka. Njia nzima Torleiv alisimulia habari ya viatu, mara ngozi yake ngumu, mara angevilainisha kwanza kwa mafuta. Ragnhild akiendesha gari alimwambia, "Baba, utamweleza daktari wewe mwenyewe. Kila kitu, usifiche." Akajibu kwamba hilo ndilo litakalokuwa neno lake la kwanza. Trym alilala amenilalia mapajani. Mguu wa kushoto ulikuwa unaning'inia, na mimi nilikuwa nimeushika kwa kiganja njia nzima, nausubiri ujikunje kama ule mwingine, na ulikuwa umelegea. Nilijiambia amelala. Mtoto aliyelala hulegea.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, Dokta Wennerholm, nywele fupi, mikono ya joto. Kabla hajakaa, Torleiv alishasimama katikati ya chumba kama mtu mahakamani, kofia mkononi. Akaeleza kilima, viatu, lengelenge, akasema mtoto ni mzima, asihukumiwe kwa upumbavu wa babu yake. Daktari alimsikiliza mpaka mwisho. Akamshukuru. Kisha akapiga magoti mbele ya Trym, akamwomba ruhusa ya kumvua soksi.

Akabandua plasta yangu, akaangalia. Akamwomba Trym atembee peku hadi dirishani na kurudi. Akamwomba asimame kwa visigino, kisha kwa mguu mmoja, kisha mwingine. Akamgonga magoti kwa kile kinyundo. Trym alicheka. Goti moja liliruka na jingine halikusogea, na sisi sote tuliona, hata asiyesoma angeona.

"Kidonda kiko kulia," Dokta Wennerholm alisema taratibu. "Lakini anaburuta wa kushoto."

Ragnhild alinigeukia. Mimi ndiye niliyefunga kile kidonda, na alijua kwamba nilijua. Alinishika mkono, akaubana mpaka pete ikaniuma, na mpaka leo sijui kama alikuwa ananilaumu au anajishikilia asianguke.

Torleiv ndiye aliyesema. Alisema basi itakuwa yeye mwenyewe alimvalisha viatu kinyume, cha kulia kushoto, cha kushoto kulia. Mguu ukikaa siku nzima kwenye kiatu kisicho chake hupotea njia. Daktari aandike hivyo. Alilisema mara mbili.

"Mzee wangu," daktari alimwambia, "si viatu. Keti kidogo."

Siku mbili walimpiga picha, wakampitishia vijiumeme miguuni, wakamchezesha michezo ya akili, rangi, hesabu, hadithi. Sisi tulikaa kwenye korido yenye michoro ya pundamilia ukutani. Ragnhild hakula. Kila mlango ulipofunguliwa nilisimama. Nilikuwa nikihesabu, si siku, bali maneno: nitaondoka hapa nikiwa nimeambiwa ndiyo, au nimeambiwa poleni.

Jumatano alasiri Dokta Wennerholm alituita, akavuta kiti akakaa karibu, na mimi nikajua kwamba madaktari hawavuti viti karibu kwa habari ya kawaida. Alisema ugonjwa umeamka. Umeamka juzijuzi tu, mguu mmoja. Kichwa bado kizima, bado anatembea bila kushikwa. Walikaa kikao tangu asubuhi, wakabishana, yeye mwenyewe alibishana, na mwisho wakakubali kumwingiza, ila si mwezi ujao. Kesho asubuhi wanaanza kuchuja seli. Tungechelewa mpaka majira ya kuchipua, alisema, asingeweza kututazama usoni.

Ragnhild aliuliza, "Na mguu?"

"Mguu siwezi kukuahidi. Kilichokwenda kimekwenda. Na hata hiyo dawa inahitaji miezi mpaka ishike, na kwa miezi hiyo ugonjwa hautasimama kutungoja. Anaweza kupoteza zaidi kabla haujasimama. Sijui wapi utasimama. Nikisema najua, nitakuwa nakudanganya."

Ragnhild akaitikia kwa kichwa, akasema waanze. Akaenda kwa mwanawe, na kupitia kioo nikamwona anamwinua, anamkumbatia, mtoto mwenyewe anahangaika ashuke kwa sababu kulikuwa na gari moshi la mbao sakafuni. Akashuka. Akalifuata, hatua, buruto, hatua, buruto. Nilitamani kugeuza uso, lakini shingo haikukubali. Miezi, alisema. Hiyo miezi nitaimalizaje?

Torleiv alikuwa amebaki kwenye benchi la korido. Kofia ilikuwa bado mkononi, ameikunja mpaka imekuwa kamba. Nikakaa karibu naye. Hakunitazama.

"Oddny," akaniambia, "nilivibadilisha, sivyo? Vile viatu. Niambie nilivibadilisha."

Kamba zile nilizifunga mimi, kulia kulia na kushoto kushoto, na yeye alikuwa amesimama mlangoni akinitazama nikizifunga.

"Ulivibadilisha," nikamwambia. "Mwanamume mzima, kushoto na kulia hujui. Nimekusema miaka yote huna macho."

Akashusha pumzi ndefu, akaweka kichwa chake begani kwangu, akaniambia ahsante.