Vidole Kumi vya Wenceslas

Kwa karatasi niko citoyenne Bolumbu, maana majina ya kizungu yalikatazwa. Nyumbani niko Félicité, na kwa kiwanda chetu cha mbao hapa Kisangani mimi ndiye naongoza animation. Kila asubuhi, mbele ya kazi, tunaimba na kucheza kwa sifa ya Chama. Kuikatiza ni kosa. Hata directeur anacheza, na tumbo lake lile.

Siku ya ine ya juma kapita, musimamizi wetu wa kazi, alitangaza kwamba juma lijalo Wenceslas atashika musumeno mukubwa. Wenceslas ni mudogo wangu, nilimulea mwenyewe. Musumeno ule haukuwa na kifuniko, na ulishakula vidole viwili vya Papa Hemedi. Tulishaenda kuomba kifuniko mara tatu, wafanyakazi wote pamoja, na mara tatu directeur alitujibu: "Muangalie vizuri tu." Nilikasirika mpaka chakula kilinishinda.

Kesho yake directeur akaniita mwenyewe.

"Mama, siku ya kwanza ya juma commissaire wa serikali anakuja kututembelea. Mutoe wimbo mupya. Muimbe kazi yetu, bon, vile iko."

"Vile iko, citoyen directeur?"

"Vile iko."

Haya. La kujitakia halina pole.

Siku ya mungu tulifanya mazoezi kwa Papa Hemedi. Yeye alikataa kunyoosha mukono. Miaka mbili alikuwa anaficha mukono ule ndani ya mufuko.

"Félicité, unataka watu wanicheke?"

"Papa, hakuna mwenye atacheka."

Akauliza atasimama wapi. Nikamwambia mbele.

Basi siku ikafika, commissaire akaingia, ngoma ikalia. Nikaanza: "Kumi Mungu alinipa!" Nao wakaitika: "Na kumi nitamurudishia!" Kila mutu akanyoosha mikono juu, vidole vyote wazi. Mbele kabisa, Papa Hemedi alinyoosha munane.

Commissaire alikuwa anacheza vizuri. Nilimuona anahesabu. Lakini nani atakatiza animation? Akauliza akiwa anacheza:

"Citoyen directeur, huyu mbona munane?"

"Musumeno, citoyen commissaire. Lakini kifuniko kiko njiani." Jasho lilikuwa linamutoka.

"Kinatoka wapi?"

"Banalia."

Banalia, kwenye kunatoka samaki na mihogo! Wenceslas alicheka mpaka akakosa hatua.

"Alors, musumeno ukingojee," akasema commissaire, akaendelea kucheza.

Musumeno ukazimwa. Kifuniko alikitengeneza Assumani, fundi wetu wa kuunga chuma, palepale kiwandani, siku moja na nusu. Siku moja na nusu! Nilifurahi, na nililia pia, maana vidole vya Papa Hemedi vingeweza kuwapo.

Siku ya posho nilipika lituma, ndizi za kuponda, kwa samaki wa Banalia, nikawaita Wenceslas na Papa Hemedi. Wenceslas alimega na vidole vyake vitano. Papa Hemedi akatoa mukono mufukoni, akaunawa mbele yetu, akachukua kichwa cha samaki bila kuuliza mutu.