Teke la Bunduki ya Viboko

Kule kwao Kuria, karibu na mpaka wa Tanzania, watu walisema Maroa Gisiri akimlenga nzi ukutani, ukuta hauna habari. Hakuna aliyevuta uta kama yeye. Ndiyo maana mwaka 1995, ofisi ya wanyamapori ilipotafuta watu wa kulinda mashamba ya ufuoni mwa ziwa huko Homa Bay dhidi ya viboko, jina lake lilitajwa mapema. Akavaa sare ya kijani na buti zilizombana vidole, akajiona mtu.

Lakini uta ni uta na bunduki ni bunduki. Siku ya kwanza kwenye uwanja wa shabaha alikabidhiwa bunduki kubwa ya kuulia viboko, risasi yake nene kama kidole gumba, naye akaishika kwa namna aliyoijua tangu utoto: ubavu mbele, mgongo wima, kitako cha bunduki mbali kidogo na bega. Mpiga upinde haruhusu upote, ile kamba ya uta, umguse mwilini, maana utamchuna ngozi. Akafyatua. Kitako kikaivuka ile nafasi ya vidole viwili kwa kishindo, kikamgonga mfupa wa mtulinga, na Maroa akaona nyota saa nne ya asubuhi.

Angesema ameumia, yangeisha siku hiyo hiyo. Hakusema. Alijikaza kisabuni, akacheka na wenzake, akaenda kujikanda kwa maji ya chumvi chumbani. Wahenga walisema mficha uchi hazai, lakini wahenga hawakuwa na askari kumi wakiwatazama. Tangu hapo mwili wake ukajifunza jambo ambalo kichwa hakikuuagiza: kidole kikianza kukaza kifyatulio, macho yanajifumba na bega linakimbia nyuma.

Alfajiri moja kiboko dume akakutwa katika viazi vya Zilpah, mjane mwenye shamba lililoshuka hadi majini. Maroa alimlenga kwa hatua thelathini, umbali ambao kwa mshale angechagua hata unywele. Akafumba macho. Risasi ikamwingia mnyama pajani badala ya kichwani, akanguruma, akatokomea kwenye matete.

Hapo ndipo balaa ilipoanza, maana njia ya Zilpah ya kuchotea maji ilipita kando ya matete yale yale. Kiboko mzima humkimbia mtu akiweza. Kiboko mwenye jeraha humngoja. Siku zikapita, nane, tisa. Maroa alikuwa akishinda ufuoni na bunduki, na kila alipomwona mama yule akiteremka na mtungi kichwani, alikwenda kusimama kati yake na matete. Hakuwa akihofia kuvuliwa sare tena. Aliogopa kwamba mnyama angetokea, naye angefumba macho mara ya pili.

Sajini Cephas, Mjaluo wa makamo aliyewafundisha shabaha, hakuwa kipofu. Alhamisi alimwita peke yake uwanjani, akaipakia bunduki mwenyewe huku amempa mgongo, kisha akamwambia apige kibao. Maroa akalenga, akavuta. Bunduki ikasema ta, basi, kwa kuwa ndani mlikuwa na risasi isiyo na baruti. Lakini Maroa alikuwa ameruka kama aliyemwagiwa maji ya moto, na mtutu ulikuwa unatazama chini.

"Omera, ndugu yangu," Cephas alisema taratibu, "risasi haikulia. Sasa wewe umeruka nini?"

Maroa alitazama buti zake. "Naiogopa, afande."

Alingoja kicheko. Cephas akavua kofia, akamwonyesha kovu juu ya nyusi, lililoachwa na bunduki kama ile alipokuwa kijana, na akakiri kwamba alikaa mwaka mzima akiwadanganya watu kuwa aligonga mlango. Kisha akamweleza kwamba baruti haina upendeleo: inavyoisukuma risasi mbele ndivyo inavyoisukuma bunduki nyuma, na kadiri risasi ilivyo nzito na bunduki nyepesi, ndivyo teke linavyozidi. Huwezi kulizuia, unalipokea tu. Akamkanya asiache nafasi, akibane kitako kwenye shimo la bega, ainamie mbele. Maroa alielewa kwa masikio. Mwili ulikataa katakata.

Jioni ile alikwenda kwa Zilpah kumsihi asichote maji pale. Alimkuta akikamua ng'ombe, naye Zilpah hakumkaribisha kiti.

"Nichote wapi?" aliuliza bila kugeuka. "Wewe ndio uliniwekea huyo mnyama hapo."

Mara ng'ombe akarusha mguu, na Maroa akapaaza sauti akimwomba mama asogee mbali asije akavunjwa. Kwa mara ya kwanza Zilpah alicheka.

"Nikikaa mbali ndio itanivunja," alisema, bega na paji la uso vimegandamana na ubavu wa ng'ombe. "Teke iko na mbio yake. Mimi nakaa karibu kabisa, inakosa mahali ya kukimbilia. Inanisukuma tu."

Maroa akaweka bunduki chini, na yeye, mwanamume mzima asiyekamua tangu alipotahiriwa, akaomba ajaribu. Zilpah alimtazama kama mtu aliyepungukiwa na akili, akampisha. Ng'ombe alirusha mguu mara tatu. Mara tatu Maroa akasukumwa, akayumba, akarudi pale pale. Hakuumia. Alikamua mpaka chuchu zikakauka, huku anatabasamu peke yake.

Jumamosi, jua likichomoza, kiboko alitoka kwenye matete akichechemea, akasimama katikati ya njia. Zilpah alikuwa nyuma ya Maroa na mtungi wake, hatua kumi hivi. Maroa akainama mbele, akakibana kitako begani bila kuacha hata upenyo wa kucha, akaegemeza shavu. Nafasi kati ya jicho na sikio la mnyama aliiona wazi, kwa macho mawili yaliyofunguka. Bunduki ikamsukuma. Kiboko akapiga magoti, akalala.

Watu walikuja mbio na mapanga na masufuria, wakimsifu. Maroa aliuzunguka mzoga hadi upande wa paja. Jeraha lake la kwanza lilikuwa limeoza, funza wanapishana ndani, na nyama ya mguu imekatika hadi mfupa. Siku kumi na moja mnyama alitembea na jeraha lile. Yeye alikuwa ameogopa maumivu ya bega, akamtwika mwingine haya.

Cephas alifika akihema, akamshika mkono, akamuuliza kama bega linauma.

"Haliumi," Maroa alisema, na hapo machozi yakamtoka mbele ya watu wote.