Anayemjibu Opal

Opal alipandisha sauti hadi juu kabisa, ikatetemeka huko, kisha akanyamaza akingoja. Wendell, mtunzaji wake, akaweka chini mpira wa maji, akazungushia mikono mdomo wake, akamjibu kwa mlio mrefu unaoshuka. Opal akajirusha kutoka kamba hii hadi ile, ameridhika.

Ndivyo ilivyokuwa kila asubuhi tangu dume wake afe. Giboni kama yeye ni nyani wa kuimba wawili wawili: jike anaanzisha, dume anamalizia. Bustani yetu ya wanyama ni ndogo, na mji wenyewe umezungukwa na mashamba ya ngano tu, kwa hiyo sote tulimsikia Wendell. Tulimcheka, nisiseme uongo. Mtu mzima na mvi zake, anaimba na nyani! Lakini siku za ukungu, sauti zile mbili zikipita juu ya mapaa, ulisahau hata ulikuwa unakwenda wapi.

Basi bustani ikaomba kibali cha kuleta dume kutoka Ufaransa. Giboni wamebaki wachache duniani, na serikali haitoi ruhusa hivi hivi. Ikatangaza kwamba mwananchi yeyote mwenye maoni ayatume kabla mwezi haujaisha. Mkahawani kwa Lorene watu wakabishana mpaka mayai yakapoa.

"Wewe unayemlisha, umewaambia nini?" Lorene akamuuliza Wendell.

"Bado."

"Au unaogopa kunyang'anywa mke?"

Mkahawa mzima ukacheka. Wendell naye akacheka, lakini ilimchoma, kwa sababu ilikuwa kweli. Dume akija, yeye atabaki mwosha sakafu tu. Nyumbani akaandika: Msimlete. Akaona haya kuyatuma maoni hayo.

Wiki ile mafua yakamkaba. Opal akaimba, akangoja. Wendell akafungua mdomo, ikatoka pumzi tupu. Opal akaanza upya, akangoja. Akaanza tena na tena hadi mchana, uso kaugandamiza kwenye wavu, anamtazama yeye. Matunda hakuyagusa.

"Na siku nikifa je, mama?" Wendell akamnong'oneza.

Jioni akafuta yale maneno ya kwanza, akaandika: Mleteni. Asiimbe peke yake. Akatuma.

Kibali kikatoka. Dume akaletwa wakati wa theluji, akatengwa kwanza mpaka madaktari waridhike, nasi mjini tukamsahau.

Asubuhi moja, theluji imeshayeyuka, Wendell akaingia kwa Lorene mapema kuliko kawaida, viatu vimelowa.

"Leo umeimba, bwana," Lorene akamwambia. "Miaka yote hii sijakusikia ukiimba vizuri hivyo."

Wendell akavua kofia, akaketi.

"Si mimi," akasema.

Lorene akabaki amesimama na birika la kahawa mkononi. Nje, juu ya ngano changa, wimbo ukaanza tena.