Mashada Kumi na Saba

Jumapili hiyo ploti yetu ya Karagita ilinyamaza kwa sababu yangu. Vyumba kumi na viwili, karibu kila kimoja na redio yake, na hakuna hata moja iliyolia. Kihara, jirani yetu wa boda boda, aliisukuma pikipiki yake hadi barabarani bila kuiwasha, akinyata kama anayeiiba.

Aliyewanyamazisha ni Mama Fancy, supavaiza wangu katika shamba la maua na jirani yangu wa ukuta mmoja. Mimi nisingethubutu kumwambia mtu hata apunguze sauti.

"Saa nane hadi saa kumi nisisikie mtu akikohoa!" aliwatangazia. "Chepkirui wetu ana mtihani."

Ulikuwa mtihani wa kuingia chuo cha ng'ambo, nikasomee uzamili wa mbegu. Nilimaliza digrii chuoni Njoro miaka miwili iliyopita, na tangu hapo kazi yangu ilikuwa kupima waridi urefu na kuyafunga mashada. Chuo kilisema nikipata alama mia moja na sitini za hesabu, nafasi ni yangu. Mtihani ungefanyiwa nyumbani kwa kompyuta, huku mwangalizi akinitazama kupitia kamera kutoka nchi nisiyoijua. Nilitakiwa niwe peke yangu chumbani, kimya. Ukizungumza, mtihani unaweza kufutwa.

Shida ilikuwa hapo. Mbele ya watu siongei, lakini nikianza kuhesabu, mdomo hutembea wenyewe.

Mwangalizi alikuwa mwanamke mwenye sauti ya upole. Aliniomba nizungushe kompyuta aone chumba chote.

"Nyuma ya pazia kuna nini?"

"Jiko. Na viazi."

Akataka kuviona viazi. Nikamwonyesha.

Maswali kumi na mawili yalikwenda vizuri. La kumi na tatu likanikamata. Andika mbili, mbili, mbili, hadi zitimie ishirini kwenye mstari, uzizidishe zote pamoja. Andika tena mbili ishirini na nne, nazo uzizidishe. Jumlisha majibu hayo mawili. Kigawo tasa kikubwa zaidi cha jumla hiyo ni kipi? Yaani, kati ya nambari zisizogawika ila kwa moja na kwa zenyewe, ni ipi kubwa kuliko zote inayoigawa jumla hiyo bila kubakisha? Chagua: mbili, tatu, tano, kumi na moja, kumi na saba.

Mkono ulikwenda kwenye mbili. Zimeingia mbili tupu, kitatoka nini kingine? Lakini jibu rahisi namna hiyo lilinitia shaka. Nikaanza kuzidisha: mbili, nne, nane, kumi na sita. Nilipofika elfu thelathini na mbili na kitu, dakika mbili nzima zilikuwa zimekwisha na bado nilikuwa mbali.

Nikakumbuka siku yangu ya kwanza kazini, nikihesabu waridi shina moja moja huku meza nzima ikinisubiri. Mama Fancy alinicheka. "Wewe wa digrii, unataka tulale hapa? Yakishafungwa, hesabu mashada!"

Nikaliangalia swali tena. Zile mbili ishirini nikaziita shada moja. Mbili ishirini na nne ni shada lilo hilo, likizidishwa kwa mbili nne zaidi, ambazo ni kumi na sita. Kwa hiyo shada moja huku, mashada kumi na sita kule, na ndani ya kila shada ni mbili tupu.

"Kumi na saba!" nikasema. Kwa sauti.

"Unazungumza na nani?" mwangalizi akauliza. Sauti haikuwa ya upole tena.

Uso ukaniwaka. "Na... na maua."

Nikaona chuo kinaniponyoka hivi hivi, na woga wa hilo ukazidi ile haya yangu yote. Nikamweleza, bila kumeza maneno, kwamba nafunga maua, kwamba nimezoea kuhesabu kwa mdomo, kwamba humu hamna mtu. Nikaizungusha kompyuta kabla hajaniambia, hadi chini ya kitanda.

"Endelea," akasema mwishowe. "Ila hilo ni onyo. Ukirudia, naufuta."

Nikachagua kumi na saba, nikauma midomo hadi swali la mwisho.

Alama zilipotokea kwenye skrini nilizisoma mara tatu. Mia moja na sitini na mbili.

Nilipofungua mlango, Mama Fancy alikuwa amekaa nje juu ya ndoo iliyopinduliwa, akilinda.

"Nimepita," nikanong'ona.

Vigelegele alivyopiga vilifungua milango yote. Kisha akanigeukia. "Lakini wewe! Ploti nzima imekaa kama kaburi masaa mawili, halafu wa kwanza kupiga kelele ni wewe?"

Nikamweleza swali, nikamwambia nilivyolifumbua kwa kuhesabu mashada.

"Hiyo tu? Si wangeniita mimi!" Akacheka, kisha akauliza: "Unaenda lini?"

"Mwezi wa nane."

Aliinama akaigeuza ndoo, akaifuta ukingo kwa leso, ingawa haikuwa na uchafu.

"Basi kesho uje mapema," akasema bila kuniangalia. "Kuna msichana mpya, Shiru, anaanza kesho. Utamfundisha wewe. Na umfundishe polepole, hadi huo mwezi wa nane."